Mwili Ulipokataa Gauni la Kijani

Kabla sijafungua mdomo, apa. Ndiyo, wewe. Gusa ulimi kwa kidole, kielekeze juu, useme: nikimwambia mtu, kahawa yangu iwe maji ya kuoshea vyombo mpaka nife. Haya, umeapa vizuri. Na mimi niliapa, tena si kwa kidole, kwa mkono mzima juu ya picha ya Bikira Maria, mbele ya Yudelka mwenyewe, kwamba mambo ya siku ya kuvunja matanga ya mama yake nitakwenda nayo kaburini. Na ukinitazama utaona kaburi lenyewe haliko mbali. Lakini Bikira ananijua tangu mdogo. Hajawahi kunitegemea kwenye kazi ya kunyamaza.

Vuta kiti basi, na usiongee kwa nguvu. Upande wa pili wa ukuta huu ndiko kwao.

Yudelka ndiye mwenye saluni ya chumba cha mbele, nyumba ile ya bluu. Mtoto pekee wa marehemu Doña Leocadia. Leocadia hakuna asiyemjua hapa Baní, maana kila Krismasi mtaa mzima ulikula pasteles zake: ndizi mbichi za kusaga, nyama katikati, zimefungwa kwenye jani la mgomba na kamba juu. Kuanzia Novemba mpaka Sikukuu ya Wafalme, Januari, viganja vyake vilikuwa vyekundu kwa mafuta ya mbegu za zingefuri, havitakati hata usugue na jiwe. Na fundo lake lilikuwa lake. Kamba inapita msalaba, inarudi, halafu masikio mawili, moja refu na moja fupi, kama sungura aliyeng'atwa na mbwa. Akimaliza anaipiga pasteli vikofi viwili vidogo, paf, paf, kama anamlaza mtoto, anaitosa sufuriani. Alijaribu miaka na miaka kumfundisha Yudelka lile fundo. Za Yudelka zilipasukia majini zote.

"Mikono ya kuchana nywele tu hiyo," Leocadia alikuwa akisema mbele ya wateja. "Nimezaa kichana."

Na jambo la pili ambalo kila mtu alilijua ni kwamba Leocadia hakumtaka Eligio.

Eligio ni dereva wa gari la mitungi ya gesi, mwanamume mpole, mwenye shingo pana na maneno machache. Alikuwa akimpenda Yudelka tangu yule binti ana kiuno. Leocadia akimuona tu mlangoni anafungua madirisha yote. "Huyo ananuka gesi. Siku moja atakulipua, na mimi nitakuwa chumba cha pili." Basi Eligio akawa mtu wa kusubiri. Leocadia alipoanguka jikoni kwake na moyo ukasimama, tulilia, tena tulilia kweli. Lakini kwenye foleni ya mkate kila mtu alikuwa anamtazama mwenzake kwa jicho la kusema: haya, Eligio sasa ataingia.

Hakuingia. Msiba ni msiba. Yudelka alivaa nyeusi, na nyeusi huvaliwa mwaka mzima mpaka matanga yavunjwe. Eligio alimletea gauni la kijani, kijani cha kasuku, kitambaa chepesi kinachocheza chenyewe hata bila upepo. Alimwambia mbele yangu, maana nilikuwa nimepeleka sukari.

"Yude, sitakuharakisha. Siku ya kuvunja matanga ukitoka chumbani na gauni hili, mimi nashusha sanduku langu. Ukitoka na nyeusi, basi nitakuwa nimejibiwa. Sitauliza tena, na wala sitakasirika."

"Nitatoka na la kijani," akasema Yudelka. "Hata kama ni kwa kutambaa."

Tatizo lilikuwa kabati. Kabati la Leocadia ni la mkangazi, limejaa chumba, kioo mlangoni, na mama na binti walilitumia pamoja tangu Yudelka anavaa soksi. Nguo za marehemu zilikuwa zimebanana na nguo za aliye hai kiasi kwamba hata shati moja la Eligio lisingepata pa kupumulia.

Hapo ndipo Niurka alipoingia.

Niurka ni binamu yake, karudi kutoka New York, na suruali ya kubana na chupa ya maji asiyoiachia hata kanisani. Alilifungua lile kabati akapiga ishara ya msalaba.

"Shoga, hili si kabati, hili ni basi la kwenda mji mkuu. Usikae unafikiria hii niliinunua wapi, hii alinipa nani. Akili ni mwongo. Unashika nguo, unaiweka kifuani, unafumba macho, unavuta pumzi, unausikiliza mwili. Mwili ukilegea, nguo inabaki. Ukikaza, inakwenda. Kwisha."

"Mwili wangu mimi unaniambia nina njaa tu," akasema Yudelka.

"Kwa sababu hujawahi kuuliza la maana. Mwili haudanganyi. Uulize."

Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimefuata sahani yangu. Yudelka akasimama mbele ya kioo na lile gauni lake jeusi la msiba, akatoa blauzi ya njano. Blauzi hiyo alikuwa ameivaa usiku Eligio alipomchezesha kwa mara ya kwanza kwenye sikukuu ya mtaa, na aliipenda kiasi kwamba alikuwa akiifua peke yake, haichanganyi na nguo nyingine. Akaiweka kifuani. Akafumba macho. Tukasubiri.

"Imekaza," akasema.

"Nini?"

"Tumbo. Limekaza kama ngumi." Akafumbua macho, akaitazama ile blauzi kama mtu aliyetukanwa na rafiki. "Lakini mimi naipenda hii."

"Akili ndiyo inaipenda. Mwili umesema. Weka kwenye mfuko."

Akaiweka. Akatoa gauni la nyumbani la mama yake, lile la maua yaliyofifia, lenye kiraka kwapani. Akaliweka kifuani, na mwili wake wote ukalegea, mabega yakashuka, akapiga mwayo mrefu wa mtu aliyefika kwake.

"Ni huzuni hiyo," akasema Niurka haraka. "Itapita. Liache libaki."

Haikupita. Kila cha Yudelka kilikaza, kila cha Leocadia kililegeza. Suruali zake, tumbo. Sketi ya saluni, koo. Shali ya marehemu, raha. Viatu vya marehemu vilivyopinda upande mmoja, raha tupu. Mpaka jua linageuka, mfuko wa vya kutoa ulikuwa umejaa maisha yote ya Yudelka, na kabatini zimebaki nguo za maiti, zimepumua, zimepata nafasi. Mwisho akatoa gauni la kijani. Alipoligusisha kifuani goti lake la kulia lilikunjika, akashika mlango wa kabati asianguke.

"Hili silitoi," akasema kwa hasira. "Mwili useme utakavyo."

Akalirudisha. Mimi nilikuwa nalitazama lile goti. Leocadia ndiye aliyekuwa na goti bovu la kulia. Miaka yote alilichua kwa spiriti ile yenye harufu ya karafuu na majani makali, mpaka ungejua amepita mtaani hata kama umefumba macho. Sikusema neno. Nilimwambia dada yangu tu, na muuza mkate.

Kesho yake Yudelka aliamka mtu mwingine, akili imerudi. Akamwaga ule mfuko kitandani, akatundika vitu vyake vyote mahali pake, akaviweka vya mama yake kwenye mfuko. Akaenda kumkausha mteja nywele, akala, akajilaza kidogo kama tunavyojilaza wote jua likiwa kali. Alipoamka, vyake vilikuwa mfukoni, vya mama vimetundikwa. Mfuko umefungwa kwa kamba.

"Niurka!"

"Usinipigie kelele, nilikuwa kwa mtengeneza kucha. Tazama, hata hazijakauka."

"Nani kafunga huu mfuko?"

"Wewe si ndiye unayebadilisha mawazo kila saa?"

Akafungua, akatundika. Kesho yake hivyo hivyo. Akafunga kabati kwa ufunguo, ufunguo akautia kwenye sidiria. Akaamka usingizini, ufunguo uko palepale una joto la kifua chake, na mfuko uko katikati ya chumba, umefungwa, umekaa kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Akalia kwa hasira. Akaukata mfuko kwa mkasi wa saluni. Akachana kamba. Akazitundika nguo zake tena, moja moja, huku anazisemesha: "Nyinyi ni zangu, mnasikia? Nimewanunua mimi!" Wateja wanasikia kule mbele na rola kichwani, wanatazamana.

Kusema kweli wateja walikuwa wameanza kulalamika. Yudelka alikuwa na mkono mwepesi, kichwa chako kinasinzia. Siku hizo akawa anachana kama anaparua magamba ya samaki. Akawa anachechemea. Akawa anakuna kungumanga kwenye kahawa, yeye ambaye miaka yote alimwambia mama yake kahawa ya kungumanga ni dawa ya meno. Nikamuuliza, akakitazama kikombe.

"Mwili umetaka," akasema. "Sijui. Mwili ndio umetaka."

Na Eligio maskini. Alikuja mchana mmoja, umeme umekatika, nyumba kimya, feni limesimama. Akamwekea mkono begani, kama alivyozoea. Mimi nilikuwa upande wangu wa ukuta, nimeegemea tu, na nilisikia kiti kikiburuzwa.

"Yude. Umenikimbia."

"Si mimi!" Alikuwa ananong'ona, analia. "Eligio, mimi nakutaka. Ni mwili. Ukinigusa, mwili unakaza."

Eligio akauliza taratibu: "Na mwili ni wa nani?"

Nikasikia madirisha yanafunguliwa, moja, la pili, yote. Ndivyo alivyofanya marehemu.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kusikia henga. Unajua sauti ya henga la chuma kwenye bomba la kabati, kree, halafu linatulia, halafu lingine, kree. Saa ile mtaa wote umelala, hata mbwa wamelala chini ya magari, mimi nipo kitandani na ukuta uko hapa sikioni, nasikia mtu anachagua nguo. Anachagua bila haraka. Nikajiambia ni Yudelka. Lakini mguno wa Yudelka usingizini naujua, na mguno haukuwepo, na kitu kingine kilikuwepo, harufu, ikipenya kwenye ufa wa ukuta kama maji yanavyopenya, karafuu na majani makali, mpaka macho yakaanza kuniwasha.

Nikatoka. Usinitazame hivyo, ungetoka na wewe. Nikazunguka uani mpaka kwenye dirisha lake la vibao, nikakiinua kibao kimoja kwa ukucha, na ndani kulikuwa na giza la mchana, lile la chumba kilichofungwa dhidi ya jua, na mlango wa kabati ulikuwa nusu wazi ukinificha aliyekuwa nyuma yake, ila kwenye kioo niliona mkono wa gauni jeusi, na kiganja, na kile kiganja kilikuwa kinapita juu ya nguo kama mtu anavyopapasa mgongo wa ng'ombe wa kununua, kikasimama kwenye blauzi ya njano, kikaichomoa, kikaipeleka kifuani ambako sikuona kifua cha nani, na hapo kikatulia, kikatulia muda mrefu, mrefu kiasi kwamba nilisikia moyo wangu na wa jirani, na ndipo nikaelewa, mwanangu, kwamba yule aliyekuwa mle ndani alikuwa anafanya kama Niurka alivyofundisha, alikuwa amevuta pumzi na anasikiliza, na alipokwisha kusikiliza akaikunja ile blauzi vizuri sana na kuitia mfukoni, halafu nikasikia kamba inavutwa, na mwisho, kwa upole, paf, paf.

Sijui nilirudi vipi. Kiatu kimoja kilibaki kule, na Yudelka hajawahi kuniuliza.

Jioni hiyo nilimburuta kwa Doña Chea. Chea ndiye anayetusalia wafu wetu hapa, na mambo mengine pia anayafanya, ila hayo hayatangazwi kanisani. Alikuwa anachambua maharage. Yudelka akamweleza huku ametazama pembeni kwa aibu, na Niurka tulikuwa naye, na chupa yake ya maji.

Chea akaacha maharage.

"Uliuliza mwili ukiwa umevaa nini?"

"Hii. Nyeusi."

"Mama wee." Akanawa mikono kwenye bakuli, akaifuta polepole. "Nani kakuambia uuulize mwili maswali ndani ya mwaka wa matanga?"

Niurka akatazama dari.

"Mwanangu, kwa nini tunavaa nyeusi mwaka mzima? Unadhani ni kwa ajili ya majirani? Mwaka huu mwili wako umemwazima marehemu. Anapumzikia humo mpaka madhabahu yake ya matanga ishushwe, kisha unavua nyeusi, anaondoka. Ndani ya mwaka huo hatuuulizi mwili hata kama una njaa. Tunakula tu saa ya kula. Wewe ukasimama mbele ya kioo chake, mbele ya kabati lake, ukabisha hodi: jamani, nani anataka nini? Basi mwenye kukalia amejibu. Na sasa anajua kwamba akijibu, anasikilizwa."

"Ni mapokeo tu hayo, shangazi," akasema Niurka, lakini kwa sauti ndogo. "Kule watu wote wanafanya, hakuna kinachotokea."

"Kule wanavaa nyeusi kwenda disko. Nyamaza." Akamgeukia Yudelka. "Siku zimebaki chache. Usiliguse kabati. Usiulize kitu. Tutashusha madhabahu, utavua hiyo, utavaa la kijani, naye atapita zake. Lakini usipolivaa siku hiyo, mwanangu, nyeusi hiyo itakuwa imekwisha kuwa ngozi."

Ningekuwa mimi ningelala kwa Chea mpaka siku ile. Yudelka alitoka pale amefura. Njia nzima anapiga mateke mawe kwa mguu wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa unauma.

"Mizimu haifungi mifuko," akaniambia mlangoni, meno yamebana. "Watu ndio wanafunga mifuko. Mama alikuwa mgumu, lakini amekufa. Huyu ni Niurka. Anaitaka hii nyumba, haoni raha kuniona naolewa. Halafu anakwenda kumtazama Chea machoni. Nitamkamata, na nitamkamata mbele ya watu wote, ajue aibu ina ladha gani."

Akaniambia mpango wake, na hapo ndipo nilipoapa juu ya picha. Kwenye droo ya chini ya kabati kulikuwa na donge la kamba, ile ya pasteles za marehemu, na ndiyo iliyokuwa ikifunga mifuko. Asubuhi ya kuvunja matanga nikaipake zingefuri mimi, yeye asiiguse. Mafuta mazito, mekundu, hayatoki mpaka ngozi ibadilike. Atakayefunga mfuko siku hiyo atatembea na viganja vyake kama bendera.

Niliipaka kwa kijiko, hata kidole hakikugusa. Na sikumwambia mtu. Dada yangu si mtu, ni dada yangu. Muuza mkate aliniuliza mwenyewe.

Basi siku hiyo nyumba ilijaa kuliko hata siku ya maziko. Wengine hawakuja kwa ajili ya marehemu, walikuja kutazama viganja. Biskuti na jibini zikaisha kabla ya sala, chai ya tangawizi ikapikwa mara ya pili, wanaume wakapanga domino uani. Madhabahu ilikuwa sebuleni, ngazi zake zimevikwa shuka nyeupe, maua, mishumaa, picha ya Leocadia juu kabisa, anatutazama kama anayehesabu nani kala mara mbili. Yudelka amekaa kiti cha mbele, karibu na mlango wa chumba chake, nyeusi shingoni mpaka kifundoni. Gauni la kijani lilikuwa ndani ya kabati limepigwa pasi, na ufunguo kwenye sidiria. Nje, kwenye gari la gesi lililooshwa likang'aa, sanduku la Eligio. Yeye amesimama mlangoni na shati jeupe, kofia mkononi, anatoka jasho.

Niurka alikuwa kando yangu. Yudelka alikuwa amenikonyeza nimshike karibu.

Chea akasali, tukaitikia. Akashusha maua, akashusha mishumaa mmoja mmoja akiipuliza, akakunja shuka ngazi kwa ngazi, mpaka ukabaki mshumaa mmoja na picha. Unajua desturi. Mshumaa wa mwisho ukizimwa madirisha yanafungwa, kila mtu anageukia ukuta, njia inaachwa wazi katikati ili marehemu apite asione aibu, na hakuna anayegeuka mpaka msalishaji aseme. Anayetazama, anamchelewesha.

"Leocadia," akasema Chea, "mwaka umekwisha. Asante kwa kukaa. Mwachie mtoto kilicho chake, nenda."

Akazima. Tukageuka wote, domino zikanyamaza, na mimi pua yangu ikawa ukutani kwenye rangi ya bluu, bega langu limegusana na bega la Niurka, nasikia maji yanatikisika kwenye chupa yake kwa jinsi anavyotetemeka, na joto la watu wengi waliogeuka migongo likapanda, na ndani ya joto hilo ikaja ile harufu, kwanza kidogo kama mtu aliyefungua kizibo, halafu karafuu, majani makali, na chini yake mafuta ya zingefuri kana kwamba ni Desemba na sufuria iko motoni, na watu wakaanza kukohoa wasithubutu kugeuka, na kutoka chumbani, wazi, bila haraka yoyote, kree. Kimya cha mtu anayevuta pumzi. Kimya cha mtu anayesikiliza. Kree.

Kisha kamba ikavutwa.

"Mnasikia?" Ilikuwa sauti ya Yudelka, kali, ya ushindi. "Mnasikia, anafunga! Geukeni! Geukeni wote mumkamate!"

Hakuna aliyesogea. Desturi ni desturi. Na mimi nikawa naisikiliza ile sauti, maana ilikuwa imetoka mahali pasipo pake. Haikutoka kwenye kiti cha mbele.

Chea naye alikuwa ameisikia. Kwa miaka yote aliyotusalia sijawahi kumsikia akivunja ile amri.

"Fungueni madirisha," akasema. "Geukeni. Leo tunatazama."

Mwanga ukaingia. Nilichofanya kwanza nilimshika Niurka mikono, nikaipindua, watu wakanyoosha shingo. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama vya mtoto, vimejikunja kwenye chupa ya maji. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu.

Alikuwa chumbani, mlango uko wazi, sote tunamuona. Amepiga magoti mbele ya kabati, uzito wote kwenye goti la kushoto. Kabati limefunguliwa, ufunguo unaning'inia kwenye kitasa. Ameinua uso, anatutazama, macho yake yanatoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, kwa Niurka, kwangu, kwa dada yangu, kwa muuza mkate, yanatafuta, yana hasira na machozi, uso wa Yudelka mtupu, yule yule tunayemjua.

"Ni nani?" anasema. "Semeni! Mbona mnanitazama mimi? Ni nani anafunga?"

Na chini ya uso huo mikono ilikuwa inafanya kazi. Haikuhitaji macho. Ilikuwa myekundu mpaka kwenye vifundo, na mfuko ulikuwa mapajani, na kitambaa cha kijani cha kasuku kinachungulia mdomoni mwa mfuko, vidole vinakisukuma ndani, vinaipitisha kamba msalaba, vinairudisha, haraka, safi, mikono ile ambayo haikuwahi kufunga hata pasteli moja ikafika majini salama.

Eligio alivuka sebule. Kofia ilimdondoka. Alichuchumaa mbele yake, mbali kidogo, kama mtu anayekaribia ndege.

"Yude," akanong'ona. "Mpenzi. Tazama mikono yako."

Akainamisha kichwa.

Sote tulimuona akiitazama, na tulimuona akijaribu kuiinua, mabega yakapanda, shingo ikatoka mishipa, na mikono haikupanda. Ilitoa sikio moja refu. Ikatoa moja fupi. Ikakaza. Na pale, mbele ya mtaa mzima, mikono ikaupiga ule mfuko vikofi viwili vidogo, paf, paf, ikausukuma taratibu sakafuni mpaka kwenye viatu vya Eligio.